SEHEMU YA 7: ILE SAUTI YA MVUA ISIYOKATIKA

Mliniomba niwaelekeze nilivyotengeneza ile sauti ya mvua ya kumlaza mtoto. Leo nawapa yote, na lile lililonitoa machozi.

Niliporudi kazini zamu za usiku, mwanangu alikuwa na miezi mitano. Hapa kwetu Mbagala mvua ya masika ikipiga bati, analala fofofo. Nikarekodi sekunde 60 kwa simu, nikaweka ijirudie. Tatizo, kila ikianza upya inasikika "tk!", mtoto anashtuka.

Kumbe sauti ni mawimbi yanayopanda na kushuka kwenye mstari wa sifuri. Ukikata wimbi likiwa juu, ukaliunga na lililo chini, spika inaruka ghafla. Ndiyo ile "tk". Nikapakua Audacity kwenye kompyuta, ni ya bure. Ukishachagua kipande, bonyeza herufi Z, mipaka inasogea yenyewe mpaka pale wimbi linapokutana na sifuri.

Lakini mvua mwishoni ilikuwa nzito kuliko mwanzoni, bado unasikia kiungo. Hapo fanya hivi: kata sekunde 3 za mwisho, zibandike kwenye mstari wa pili, mwanzoni kabisa. Kipande hicho kififishe taratibu, na sekunde 3 za kwanza za mstari wa juu zipandishe taratibu. Mwisho unamwagikia kwenye mwanzo. Sikio halijui kama imerudi.

Nilijiona fundi jamani. Nikaiacha ijirudie usiku kucha, simu pembeni ya mto.

Asubuhi moja natoka zamu, dada wa kazi ananiambia, "Dada, leo kalala, hajasumbua kabisa." Namshika mtoto, anaungua. Kipimajoto 38.9. Amelegea, titi hataki. Mimi nesi, usiku kucha napima homa za watoto wa wenzangu, wangu kafunikwa na mvua ya kwenye simu. Huenda alilia, huenda alinung'unika tu. Dada angesikiaje? Nikambeba mgongoni, tukakimbia hospitali. Ilikuwa malaria. Alipona, Mungu mkubwa.

Sikuifuta ile sauti. Niliibadilisha. Kipande changu kina sekunde 57, nikakirudia mara 30 humo humo kwenye Audacity, ikatoka faili moja ya dakika 28 na nusu. Ikiisha, chumba kinakuwa kimya, na anayelala naye anamsikia.

Na simu iwe mbali, walau mita 2. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulipima mashine 14 za kulazia watoto. Zikifunguliwa sauti mpaka mwisho, kwa umbali wa sentimita 30 zote zilizidi desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga.

Mama, mtoto akilala kupita kawaida yake, usishukuru kwanza. Mguse. Muamshe, mpe titi. Akikataa, akiwa na homa, au haamki vizuri, nenda kituo cha afya usiku huo huo. Na wa chini ya miezi miwili akifika 37.5, usisubiri kukuche.

Leo niko zamu. Dada nimemwambia, mvua ikiisha amguse mtoto. Wewe wako umemgusa?