Juu ya Mkwaruzo wa Motakaa

Huzuni za binadamu hazipimwi kwa mizani moja. Mtu aweza kupoteza shamba zima la mahindi akastahimili, kisha akakosa usingizi kwa sababu ya mstari mwembamba uliochorwa na mwiba ubavuni mwa motakaa yake. Watazamaji humcheka, yeye mwenyewe hacheki. Katika insha hii nataka kuichunguza huzuni hiyo, nione ni sehemu gani yake iliyo haki na ni sehemu gani iliyo upuuzi.

Hapa Lugulu nafasi za kukwaruzwa ni nyingi. Barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale ina lami, lakini mtu akiiacha na kushika njia ya nyumbani hukutana na changarawe, ua wa miti uliokua mpaka njiani, ng'ombe wenye pembe, na watoto wenye kuni vichwani. Pikipiki za abiria nazo hupenya mahali ambapo mkono haupenyi. Anayetaka gari lake libaki kama lilivyotoka kiwandani na alifungie ndani. Lakini gari lililofungiwa halimfikishi mgonjwa hospitalini wala halifikishi mahindi sokoni. Kukwaruzwa ni sehemu ya kodi ambayo chombo hulipa kwa ajili ya kutumika.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba rangi ni pambo tu. Rangi ya motakaa za siku hizi hupakwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka za chini hushikamana na chuma na kukilinda. Juu yake huja rangi yenyewe tunayoiona. Na juu ya zote hupakwa vanishi angavu iletayo mng'aro. Tabaka zote pamoja, katika magari mengi, hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi nyembamba kiasi hicho ndiyo isimamayo kati ya chuma na mvua. Uzuri wa rangi hupendwa, lakini ulinzi wake ndio wenye thamani zaidi. Tangu mwaka 1914 hata 1925 motakaa za Ford Model T za Marekani zilitolewa kwa rangi nyeusi tu, na watu wengi mno walizinunua na kuzitumia bila ya kuchagua rangi.

Adui wa chuma ni kutu. Kutu huzaliwa chuma, maji na oksijeni ya hewa vikutanapo. Kutu ina matundu, kwa hiyo haikifuniki chuma kilichobaki, bali hupitisha maji yafike ndani zaidi. Tena huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo sababu huvimba na kuinua rangi iliyo kando yake. Kidonda chenye ukubwa wa punje ya mtama huweza hivyo kuenea chini ya rangi bila ya kuonekana. Katika miji ya pwani kama Mombasa, chumvi ya bahari huiharakisha kazi hiyo. Sisi wa Bungoma hatuna bahari, lakini mvua tunayo. Mabati ya nyumba zetu hustahimili mikwaruzo kwa kuwa yamepakwa zinki, na zinki huliwa kwanza kabla ya chuma. Magari mengi mapya yana kinga ya namna hiyo; mengi ya zamani hayana.

Basi mwenye wasiwasi na aanze kwa kupima. Aoshe mahali palipokwaruzwa, kisha apitishe ukucha taratibu. Ukucha ukiteleza, yaelekea jeraha limeishia katika vanishi, nalo huweza kupungua au kutoweka kwa kusuguliwa kwa dawa ya kung'arisha. Ukucha ukinasa, jeraha limeingia ndani. Chuma kikionekana, hapana haja ya kulalamika wala ya kungoja: pasafishwe kwa msasa mwororo, pakaushwe, papakwe rangi ya kutangulia, kisha rangi ya gari, kisha vanishi. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini uko ufa mwingine. Mimi ninayo motakaa ndogo, kuukuu, na siku moja mtoto wa jirani, akipita na mzigo wa kuni, aliukwaruza mlango wake hata chuma kikaonekana. Niliutengeneza kwa alasiri moja na rangi kidogo. Mtoto hakujua hayo. Kwa hofu aliiacha njia ya kwangu, akawa anazunguka kwa mbali kwenda shule, akitoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Siku ya nne bibi yake alinijia jioni, amemshika kuku mtetea kwapani.

“Mwanangu,” aliniambia, “mjukuu wangu ameharibu mali yako. Pokea huyu, umruhusu mtoto apite.”

“Kukhu,” nilimjibu, “mlango umekwisha pona. Rudi na kuku wako, na mtoto apite kama zamani.”

Alinitazama kitambo, akauliza tena kama ninasema kweli. Swali hilo lilinifundisha. Bibi yule alikuwa amewaona wenye magari wakipiga kelele na kudai fedha kwa makosa madogo kuliko lile, na aliamini kwamba mlango wa bati ulistahili kulipiwa kwa mayai ya nyumba yake. Nani angemlaumu? Wengi wetu tumewafundisha majirani zetu kuogopa magari yetu.

Wasiwasi una kazi njema ukimpeleka mtu kwenye maji, msasa na burashi. Kazi hiyo ikiisha, nao uishe. Ukizidi hapo huhama kutoka kwenye gari ukaingia katika nyuso za watu, na huko hakuna fundi wa rangi. Ewe kijana, siku utakapokuwa na chombo chako, kitunze kwa bidii. Na mtu akikikwaruza kwa bahati mbaya, pima kwanza kina cha mkwaruzo kabla ya kupandisha sauti yako.