Masika ya Mwaka Gani?

Hapa London baridi ikiondoka mapema watu hufurahi. Dafodili zikichanua kabla ya wakati wake, jirani anakwambia "siku nzuri leo", koti linatundikwa, basi. Majira kusogea, kwa mkazi wa mjini, ni habari ya nguo.

Waingereza wenyewe wana maandishi ya jambo hili. Bwana mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza mwaka 1736 kuandika siku miti inapochipua na mbayuwayu wanapofika, na jamaa zake wakaendelea na daftari hilo hadi 1958. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitazama kumbukumbu za namna hiyo za aina 406 za mimea, kuanzia 1753. Wakakuta kwamba tangu 1987 maua ya kwanza hutokea, kwa wastani, mwezi mzima mapema kuliko miaka yote ya kabla yake. Mwezi mzima!

Kwetu daftari lilikuwa vichwani. Wazee wa pwani walihesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, kila kumi wakaliita mwongo, na mwongo ukawa na kazi yake, ya shamba au ya chombo. Kaskazi ikilegea, watu walijua masika yako njiani na jembe linatafutwa.

Sasa, sisi tulioondoka tumeibeba kalenda hiyo hadi huku, lakini kila mmoja kabeba ya mwaka aliosafiri. Machi ikifika tunapiga simu Muheza: "Shangazi, mmeshapanda?" Hela ya mbegu tumeshatuma, tena hela ya zamu za usiku. Aprili simu inarudi: mvua ilinyesha siku tatu ikakata, mahindi yamechipua yakakauka, inatakiwa mbegu nyingine. Hapo ndipo maneno huanza. Nimeyasikia kwenye harusi na hitima zetu, Barking na kwingineko: "Hawa watu wa nyumbani, mbegu gani ya kununuliwa mara mbili?"

Mimi naona tunawaonea. Huku Uingereza majira yamesogea upande mmoja. Kule yanayumba, na kuyumba ni kubaya zaidi kwa sababu hakuna tarehe mpya ya kushika. Mwaka 2019 mvua za Machi na Aprili zilichelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kisha za mwisho wa mwaka zikamwagika kupita kiasi, kwa kuwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lisilo la kawaida. Kuanzia mwishoni mwa 2020 wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia walikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mwishoni mwa 2023 yakawajia mafuriko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na vimbunga si wageni tuliowazoea pwani ile. Mkulima wa namna hiyo akiomba mbegu mara ya pili, hajala hela ya mtu.

Linaloniuma zaidi ni heshima ya wazee. Shangazi alikuwa akitazama mawingu upande wa bahari, akasema "kesho kutwa", na kijiji kikapanda. Siku hizi vijana wanamsikiliza kwa adabu, kisha wanangoja. Naye, kwa kuwa si mtu wa kubishana, amenunua redio ndogo ya kusikilizia Mamlaka ya Hali ya Hewa, na shamba amelikata mafungu matatu: moja hupandwa kwa mvua ya kwanza, jingine baada ya wiki mbili, la tatu ni mihogo, ambayo anasema haina haraka na mtu.

Mara ya mwisho alinipa maagizo: "Mwanangu, hela ya mbegu usiilete yote. Nusu sasa, nusu nikikwita. Na nikikwita usiniulize kwa nini."

Nusu ya kwanza nimeipeleka juzi.