Picha za Mlangoni Petu: Mwaka Mmoja Chini ya Kilimanjaro



Kila mwaka wageni wa Ulaya, Marekani na Japani huja Moshi na kamera kubwa shingoni. Wamesafiri mchana na usiku ili wapige picha ya mlima ambao wenyeji huuona wakienda kuteka maji. Lakini ukiingia katika nyumba za Kilema, Kibosho au Machame, utaona ukutani picha za arusi, za Komunyo ya kwanza na za marehemu babu. Picha ya mlima, au ya mto upitao nyuma ya nyumba, au ya mringaringa wa shambani, huenda usiikute hata moja.

Sababu yake siyo umaskini tu, maana siku hizi simu yenye kamera imefika vijijini, na kama baba hana, kijana wake anayo. Sababu kubwa ni mazoea. Kitu kilicho mbele yetu kila siku hatukitazami. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Basi leo twende pamoja mwaka mzima katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, wala tusivuke mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Nawe ukaaye Sumbawanga, Bukoba au Songea, badili majina ya miti na ya miezi; kazi ni ile ile.

Kwanza, chagua mahali pamoja. Pawe karibu, pa kufika kwa dakika chache: penye mfereji, au chini ya mti mkubwa, au mahali ambapo mlima waonekana vizuri. Weka hapo jiwe la alama, ili kila mara usimame pale pale na kuelekeza kamera upande ule ule. Picha moja kwa juma yatosha. Kabla ya kupiga, futa jicho la kamera kwa kitambaa safi cha pamba, maana mafuta ya vidole hufanya kila kitu kionekane kama kiko ndani ya moshi. Tena, ukitaka kitu kionekane kikubwa, usikivute kwa simu, bali sogea kwa miguu yako.

Tuanze na Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Asubuhi mapema mlima u wazi. Lakini jua likiisha kupasha joto miteremko, hewa yenye unyevu hupanda juu ya msitu, hupoa, hugeuka kuwa mawingu, na mara nyingi kabla ya saa nne Kibo imekwisha kujifunika. Kwa hiyo amka mapema. Saa nzuri ni tangu jua kuchomoza hadi kama saa mbili na nusu, tena jioni tangu saa kumi na moja hadi machweo. Wakati huo mwanga hutoka ubavuni, na kila tuta na kila gome la mti hupata kivuli chake. Adhuhuri jua liko utosini. Vivuli hujificha chini ya vitu, na nchi huonekana bapa kama ubao.

Mwezi wa Machi masika huingia, na watu wengi huweka kamera sandukuni. Wewe usifanye hivyo. Wingu ni kama shuka jeupe lililotandazwa mbele ya taa: mwanga hulainika, majani hayang'ai kupita kiasi, na kijani cha migomba huonekana kwa ukamilifu wake. Simama barazani chini ya ukingo wa paa, simu isilowe, upige matone juu ya jani la mgomba. Mvua ikiisha kukatika, nenda kwenye mfereji uone jinsi maji yalivyobadilika rangi.

Wakati wa mvua ndipo mnana naye huwa kazini. Dume husuka kiota kwa majani mabichi, kisha hujining'iniza chini yake akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike huja kukagua. Asiporidhika huenda zake, na kiota kikiisha kukauka na kupoteza rangi ya kijani, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Ukipiga picha mti ule ule kila juma, utaona habari hii yote ikiandikwa mbele yako. Ila kaa mbali. Usikate tawi ili upate kuona vizuri, wala usiguse makinda. Picha iliyopatikana kwa kuvunja kiota haina thamani.

Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na ukungu. Wengi hudhani ukungu ni adui wa picha, kumbe ni rafiki. Siku nyingine migomba yote imechanganyikana, huwezi kutenga mmoja na mwingine. Siku ya ukungu mti wa karibu husimama peke yake, mweusi na wazi, na ile ya nyuma hufifia mmoja mmoja. Asubuhi hizo tazama utando wa buibui kwenye ua: umande umeutia shanga kila uzi. Ujongee taratibu, uupige ukiwa umeelekea upande wa mwanga. Wakati huo kahawa nayo yaanza kuiva, na buni nyekundu kati ya majani ya kijani huvutia macho ya mtu yeyote.

Hapa kuna jambo la kuwaonyesha watoto. Kilimanjaro iko kama digrii tatu kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini, yaani kwetu upande wa mlima, na vivuli huanguka kuelekea tambarare. Mwezi wa Desemba jua huwa upande wa kusini, na vivuli huelekea mlimani. Ndiyo maana mlima ule ule, ukipigwa picha kutoka kwenye jiwe lile lile, mwezi wa Desemba uso wake umepata mwanga zaidi kuliko mwezi wa Juni. Mtoto akichomeka kijiti uani na kupiga picha kivuli chake saa sita ya kila mwisho wa mwezi, atajifunza jiografia asiyoweza kuisahau.

Kisha vuli hurudi. Mjini Moshi mijakaranda hutandika maua ya zambarau barabarani. Mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi ardhini, na mbayuwayu waliotoka Ulaya kukimbia baridi huwakamata angani. Kama siku 8 hadi 12 baada ya mvua nzuri, mibuni huchanua yote pamoja, meupe matupu, yenye harufu kama ya asumini. Hudumu siku mbili tatu tu. Asiyekuwa tayari hungoja mwaka mwingine. Karibu na Noeli mkrismasi huwaka maua mekundu, na mwaka wetu umetimia.

Huenda utasema: "Hayo ni mambo ya watu wenye nafasi, mimi ni mkulima." Basi sikia habari ya mkulima mmoja. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Alikamua ng'ombe na kulima shamba la wazazi wake maisha yake yote. Huko theluji huanguka kila mwaka, naye alitaka kuona chembe yake moja ina umbo gani. Baba yake alimnunulia kamera na darubini ya kukuzia vitu vidogo, ijapokuwa aliona ni upuuzi. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 19, Bentley alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji, na tangu hapo hakuacha. Hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha za chembe zaidi ya 5,000, zote karibu na nyumbani kwake. Wataalamu wa hali ya hewa walizitumia picha zake. Hakuwa na mlima mrefu wala simba. Alikuwa na ua wake na saburi.

Sasa, msomaji, nikuambie kwa nini kazi hii si mchezo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, iliwapasa kukata vidato katika barafu ili wafike ukingoni mwa Kibo. Baadaye wataalamu walilinganisha ramani ya mwaka 1912 na picha zilizopigwa kutoka angani, wakaona kwamba kufikia mwaka 2007 eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa sehemu 85 katika kila 100. Tunalijua hilo kwa sababu wako watu waliopima, wakachora, wakapiga picha, wakaandika tarehe.

Lakini ni nani aliyeandika habari za mto wa kijijini kwako? Mzee husema, "Zamani mto huu ukijaa ulituzuia kwenda kanisani." Kijana hucheka, adhani mzee atia chumvi. Nani atawaamua? Picha yenye tarehe ingewaamua. Picha moja haitoshi, maana kila mahali pana mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Lakini picha za Machi na za Oktoba, za mwaka hata mwaka, kutoka kwenye jiwe lile lile, hizo ni shahidi. Ndizo unazoweza kuziweka mezani mbele ya wazee wa kijiji, wanaposhauriana juu ya kupanda miti kandokando ya chemchemi.

Kwa hiyo zitunze. Simu huanguka majini, huibiwa, huharibika, na picha zote hupotea pamoja nayo. Kila baada ya miezi mitatu chagua nne au tano zilizo bora, upeleke kwa mpiga picha wa mjini azitoe kwenye karatasi. Uzibandike katika daftari, na chini ya kila moja uandike siku, saa, mahali, na hali ya hewa: mvua, ukungu, jua kali. Daftari hilo liwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba, maana nalo ni urithi. Mjukuu ambaye hajazaliwa atalifungua na kuona mti aliousikia kwa jina tu.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, tafuta jiwe lako uliweke mahali pake. Mwanao na asimame karibu nawe, akuandikie tarehe.