Nani Huichagua Diski?

Nimepotea kidogo, kazi zimenizidi. Leo niwape kisa cha usiku mmoja nilipokuwa bado mgeni kwenye meinfremu, zile tarakilishi kubwa za IBM ambazo mabenki mengi yangali yanazitegemea.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa nane usiku. Kazi ya mishahara ilikwama: haikupata nafasi ya kuandika faili lake. Nikajifanya mjuzi. Nilijua diski moja iliyokuwa tupu, basi nikaandika jina lake kwa VOL=SER na kuituma kazi upya. Ikakwama vilevile. Mfumo haukujali hata kidogo jina nililoandika!

Sababu ni SMS. (Siyo ule ujumbe mfupi wa simu, jameni.) Hii ni sehemu ya z/OS inayosimamia hifadhi. Wewe unasema unataka faili la ukubwa gani. Yenyewe, kwa kanuni zilizoandikwa na wasimamizi, huamua liende kikundi kipi cha diski, kisha diski ipi ndani ya kikundi hicho. Ukitaka diski uliyoitaja iheshimiwe, sharti daraja la hifadhi la faili liwe na ruhusa maalum. Langu halikuwa nayo.

Diski hupangwa kwa mafungu. Fungu la kwanza ni zinazotimiza masharti yote, pamoja na kubaki chini ya kiwango cha kujaa kilichowekwa hata faili likishaingia. Kati ya hizo, mfumo hutazama ipi haina msongamano. Fungu la pili ni zilizokosa sharti fulani lakini bado zinafaa. Zisizo na nafasi ya kutosha hukataliwa kabisa.

Hapo ndipo tulipoumia. Kiwango chetu kilikuwa asilimia 85, nami nikidhani ni ukuta. Kumbe diski ikivuka haifungwi. Inashushwa fungu la pili tu, na kazi zinaendelea bila kelele. Zetu zote zilikuwa zimevuka zamani. Diski ya 3390 modeli ya 3 ina silinda 3,339. Ikijaa asilimia 85 hubaki na kama 500. Mafaili madogo yaliendelea kuingia kila siku, tukaona mambo ni shwari. La mishahara lilitaka 900.

Tulimwamsha msimamizi wa hifadhi. Akaiandaa ile diski tupu na kuiingiza kwenye kikundi. Nikafuta VOL=SER yangu, nikatuma kazi tena, ikapita. Alfajiri mishahara ilikuwa tayari. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Kijana, mara ya mwisho uliangalia lini diski zimejaa kiasi gani?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo simchagulii mfumo diski. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, nahesabu ngapi zimeshuka fungu la pili.

Haya, tuonane tena wiki ijayo.