Bushi ya Konrodi

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii naikubali katika mambo mengi, lakini si katika pikipiki. Marehemu baba aliniachia BSA Bantam, aina iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Wengi wamenishauri niiuze kama chuma chakavu. Mimi nataka itembee.

Vipuri vya kuagiza vipo, ila nauli ya kipande kidogo huweza kuipita bei yake. Hata bolti ni mtihani. Ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, ukiishika pamoja na ya milimita 8, jicho halitazitofautisha. Lakini hesi zake hazilingani, na ukilazimisha, unaharibu tundu lililodumu miaka hamsini.

Ndiyo maana nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja mkerezaji. Nilimpelekea konrodi, pini ya pistoni na bushi iliyolika. Bushi akaiweka kando.

“Mwanangu, hii imekwisha kuliwa. Nikiifuata, nitakutengenezea uchakavu mpya.”

Akapima tundu la konrodi ili apate unene wa nje, na pini ili apate upana wa ndani. Nje aliiacha kubwa kidogo kuliko tundu, ili iingie kwa kushindiliwa na isizunguke. Bushi ikishindiliwa hubanwa, nafasi ya ndani ikapungua. Kwa hiyo alingoja ikae mahali pake, ndipo akapitisha rima taratibu. Akatoboa na njia ya mafuta, maana injini hii hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Isipoifikia pini, pini hukwama.

Ndugu msomaji, Bantam yenyewe ni nakala. Ilitokana na DKW RT 125 ya Ujerumani, ambayo michoro yake ilichukuliwa kama fidia baada ya Vita Kuu ya Pili. Wamarekani, Warusi na Wajapani nao waliiga pikipiki hiyo hiyo. BSA waliigeuza injini kama inavyoonekana kwenye kioo, ili pedali ya gia iwe kulia kama Waingereza walivyozoea. Anayejua kila kipande kinafanya kazi gani anaweza kukigeuza na bado kikafanya kazi. Mzee wangu hana mchoro hata mmoja, lakini ujuzi huo anao.

Macho yake sasa yameanza kuchoka, na kijana anayemsaidia hujifunza kwa kutazama tu. Kwa hiyo nimenunua daftari. Kila kipuri kinachotoka mikononi mwa mzee nakiandikia vipimo, na kando yake sababu: kwa nini nene hapa, kwa nini tundu pale. Vipimo vitamwezesha kijana kuitengeneza bushi hii tena. Sababu zitamfaa siku atakapoletewa pikipiki ambayo hajawahi kuiona.