Kuku akinyonyoka manyoya, kagua na chumba cha watoto

Kwa familia nyingi za Dodoma, kuku wachache wa uani ni akiba iliyo karibu kuliko benki. Yai huwa kifungua kinywa cha mtoto, jogoo huuzwa shule inapodai madaftari, na mgeni akija bila taarifa mwenyeji haaibiki. Ndiyo maana mama akimkuta tetea wake amebaki kipara mgongoni, huingiwa na wasiwasi. Jirani mmoja atamshauri amchinje kabla hajafa. Mwingine atamletea dawa ya unga iliyobaki shambani. Ushauri wote huo hutolewa kabla kuku hajashikwa na kuangaliwa.

Kunyonyoka manyoya ni dalili, kama ilivyo homa kwa mtoto, na sababu zake ni nyingi. Baadhi hazihitaji dawa hata kidogo. Lakini ipo sababu inayopaswa kumtoa mzazi bandani na kumrudisha ndani ya nyumba, hadi kwenye kitanda cha watoto.

Kwanza mshike kuku mchana, utazame ngozi palipo wazi. Ikiwa ni safi, haina vidonda, na manyoya machanga yanachomoza kama vijiti vidogo, huenda anabadilisha manyoya tu. Kuku mkubwa hufanya hivyo karibu kila mwaka, akianzia kichwani na shingoni na kumalizia mabawa na mkia, na kazi hiyo huweza kuchukua miezi miwili hadi mitatu. Katika nchi za baridi, kuku wengi hunyonyoka kwa pamoja siku zinapoanza kufupika. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja, hivyo kila kuku anaweza kuwa na zamu yake. Na kama ni kuku wa kishingo, shingo tupu ni ya kuzaliwa, haina tiba.

Kuku anapobadilisha manyoya, mayai hupungua au hukoma kabisa. Zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini, na mwili wake huielekeza huko kwanza. Hapo ndipo kiangazi cha kanda ya kati kinapomuumiza. Mvua zikishakatika, kwa kawaida kuanzia Mei hadi Novemba, panzi, mchwa na majani mabichi huadimika, na kuku hubaki na pumba na punje za mtama. Atashiba, lakini hatapata protini ya kutosha kuotesha manyoya. Msaada uko karibu: Dodoma na Singida ni mikoa ya alizeti, na mashudu yake yakichanganywa na pumba huziba pengo hilo. Mabaki ya dagaa yaliyosagwa nayo yanafaa, na maji safi yasikosekane.

Kipara kikiwa mgongoni na nyuma ya kichwa kwa matetea peke yao, mtazame jogoo. Anapompanda jike humshika kwa mdomo na kumkwaruza kwa kucha. Jogoo mmoja anatosha kwa matetea wanane hadi kumi. Ukiwa na majogoo watatu na matetea watano, umeshapata jibu, na huenda ukapata na ada. Tetea anayeatamia naye hunyonyoka kifuani ili joto la mwili wake lifike kwenye mayai. Huyo aachwe.

Ukikuta manyoya yaliyokatwa na ngozi yenye damu, kuku wanadonoana. Mara nyingi wamebanana, chakula hakiwatoshi au wamekosa protini. Mtenge aliyejeruhiwa siku hiyohiyo, kwa sababu damu huwaita wengine.

Sasa fungua manyoya karibu na njia ya haja. Chawa huonekana wakikimbia, na mayai yao huganda kwenye mashina ya manyoya. Viroboto wanaong'ang'ania hujipanga usoni, kwenye kilemba na kuzunguka macho, kama chembe nyeusi. Hao wapakwe mafuta mazito ya mgando ili wakose hewa, kwa uangalifu yasiingie machoni.

Lakini wapo wasioonekana mchana. Utitiri mwekundu hunyonya damu usiku, kisha hurudi kwenye nyufa za ukuta na fito wanazolalia kuku. Kuku mwenye utitiri hujikuna, kilemba chake hupauka, na mayai hupungua. Subiri usiku uingie, uwashe tochi ya simu, umulike fito kwa chini, maungio ya mbao na nyufa.

Nyufa hizo ndizo zinazomgusa mtoto. Nyumba nyingi za udongo vijijini, zikiwamo tembe za Wagogo, hulaza kuku ndani kwa sababu nje kuna wezi na vicheche. Sababu hizo ni za kweli. Ila nyufa na sakafu za vumbi zinazowaficha wadudu wa kuku ndizo hupendwa na papasi, kupe laini anayeambukiza homa ya papasi. Papasi hamnyonyoi kuku manyoya, wala hakai mwilini mwake. Hutoka usiku, humnyonya binadamu au kuku kwa dakika chache, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa muda mrefu bila kula akisubiri.

Homa hiyo imewatesa watu wa Dodoma kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka vijiji vya Tanzania ya kati ulikuta bakteria wa jamii inayosababisha homa hiyo kwenye damu ya baadhi ya kuku na nguruwe. Kabla ya hapo, mwaka 1998, ulichapishwa utafiti wa Mvumi ulioonyesha kuwa kupuliza dawa kwenye nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maana yake ni kwamba nyumba ikitibiwa, mtoto hupona kabla hajaugua.

Kazi yenyewe inaanza na udongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo. Ziba nyufa, piga lipu ya udongo, siliba sakafu, inua kitanda na ukisogeze mbali na ukuta. Kuku wajengewe kichanja au banda dogo lenye mlango wa kufungwa, hata kama litaegemea nyumba, mradi wasilale chumba kimoja na watoto. Fito zisiguse ukuta, na ziwe za kutolewa ili zimwagiwe maji ya moto. Matandiko ya viota yabadilishwe, ya zamani yachomwe. Wawekee kuku beseni la mchanga mkavu na majivu yaliyopoa wajigaragaze, kwani ndiyo njia yao ya kujisafisha.

Dawa ikihitajika, iwe ya kuku, kutoka duka la dawa za mifugo, baada ya kuzungumza na afisa mifugo wa kata. Sumu ya shambani isipakwe kwenye kuku wala kunyunyizwa panapolala watoto. Uliza pia ni siku ngapi mayai na nyama havipaswi kuliwa baada ya dawa, kwa sababu wa kwanza kulishwa yai hilo ni mtoto.

Na mtoto akipata homa kali inayotulia baada ya siku chache kisha ikarudi, huku kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha hana, usirudi nyumbani na dawa ya maumivu tu. Mjamzito ndiye asichelewe kabisa, kwa kuwa homa hii inaweza kuharibu mimba na kumpata hata kichanga. Mweleze mhudumu kwamba nyumba ni ya udongo na kuku wanalala ndani, na uombe damu itazamwe kwa darubini. Homa ya papasi hutibika kwa dawa za kuua bakteria, lakini mhudumu asipoambiwa habari za nyumba anaweza kuendelea kutafuta malaria.