Julio wa mjomba

Najua nimepotea, mazoezi ya kufundisha yalinimaliza. Sasa nimerudi chuo, bumu halijatoka, naishi kwa maharage ya kukopa, lakini stori ninayo.

Muda wote wa mazoezi nilikaa Ujiji kwa mjomba. Zamani alikuwa anapakia mizigo kwenye maboti ya Kalemie na Uvira. Ana redio kaseti ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kaseti anayoipenda kuliko zote ni "Hey!" ya Julio Iglesias, ya mwaka 1980. Jioni tukishamaliza ugali na migebuka anaiweka, anafumba macho, anaimba mwanzo mpaka mwisho. Kihispania hajui hata neno moja.

Nilipokuwa mdogo nilijua Julio ni Mkongo. Msinicheke! Kwetu muziki mtamu wa lugha usiyoielewa unatoka ng'ambo ya ziwa, basi. Na sikukosea sana. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kuba zilikuwa zinauzwa Kongo, wanamuziki wa kule wakazipenda mpaka wakaanza kuchomeka Kihispania kwenye nyimbo zao, wengine wakibahatisha tu. "Indépendance Cha Cha" ya Kabasele na African Jazz, 1960, imeimbwa Kilingala lakini hiyo cha cha yenyewe ni ya Kuba.

Siku moja nikamwambia mjomba kwamba Julio nyimbo za albamu hiyo alizirudia kwa Kifaransa, Kiitaliano na Kireno. Hakuamini. Nikamwambia tena, hakutafsiri neno kwa neno. "Hey!" ya Kifaransa inaitwa "Il faut toujours un perdant", yaani lazima awepo wa kushindwa. Muziki ule ule, ila maneno yametafutwa upya ili yamkae Mfaransa mdomoni. Mwaka 1983 watu wa Guinness wakamtuza kwa kuuza rekodi nyingi katika lugha nyingi kuliko mwanamuziki mwingine yeyote.

Mjomba akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo Mfaransa alifuatwa kwake. Na sisi?"

Nikamwambia Kiswahili hakimo. Akageuza kaseti upande wa pili.

Sasa tuje shuleni. Shule siitaji. Somo langu Jiografia, kidato cha kwanza, mada maziwa. Ziwa lenyewe linaonekana dirishani! Nikauliza kwa Kiingereza, mnajua nini kuhusu Ziwa Tanganyika? Kimya. Nikarudia polepole. Kimya, wengine wanaangalia madaftari. Nikaona isiwe tabu, nikauliza kwa Kiswahili. Jamani, mikono ilivyopanda! Kijana mmoja akaeleza kwamba dagaa wanapanda juu usiku ndiyo maana baba yake anavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi kwa sababu taa haiwavuti tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja na kina cha mita 1,470 na habari ya Baikal kuwa ndilo linalolizidi duniani. Yule mtoto alinifundisha mimi.

Bahati mbaya siku hiyo ndiyo mkaguzi wangu alikuwa amekaa nyuma. Akaandika Kiswahili kimezidi, alama zikashuka.

Alipokuja mara ya pili nikafundisha Kiingereza kitupu. Darasa likatulia kama msikiti saa nane za usiku. Wakanakili ubaoni vizuri sana. Nikapata alama nzuri kuliko zote za mazoezi yangu, kwa kipindi ambacho nina hakika hakuna aliyetoka na kitu. Kengele ilipolia binti mmoja akanifuata mlangoni: "Madam, hayo ya leo utatuambia lini kwa Kiswahili?"

Nilitembea mpaka nyumbani na hilo swali. Nikamwambia mjomba, labda nalalamika bure, mbona wewe Julio humwelewi na unampenda miaka yote hiyo? Akacheka. "Mimi Julio namsikiliza, simsomi. Hakuna anayenipa mtihani wa Julio."

Halafu akanikumbusha Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, ambaye alifika Dar mwaka 1978. Angeweza kubaki na Kilingala chake na tungecheza tu. Lakini alitaka kusema na watu, akaimba Kiswahili, na alipotoa "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu na ukimwi kila mtu alielewa, hata waliochukia.

Sijasema Kiingereza kifutwe. Mtihani wa kidato cha nne unaandikwa kwa Kiingereza, nikiwanyima nitakuwa nimewaonea pia. Ila wiki mbili zilizobaki nilifanya hivi: dakika za mwanzo Kiswahili mpaka waelewe, halafu yale yale tunayajenga kwa Kiingereza pamoja. Yule wa dagaa mwishoni alisimama akasema sentensi tatu za Kiingereza kuhusu taa na mbalamwezi. Zilikuwa zimepinda, lakini zilikuwa zake.

Mkaguzi hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo haimo kwenye alama zangu. Nyie wenzangu wa Ualimu, mlipokaguliwa mlifanyaje? Semeni ukweli.

Haya, naenda kupanga foleni ya chakula. Tuonane wiki ijayo.